Mlima Uliowaonea Maharusi Wivu

Utotoni mwangu, kijijini kwetu upande wa Wamaza, mlima tuliouona kila asubuhi ulikuwa mke wa mtu. Wakubwa waliuita Bibi Mukubwa. Walisimulia kwamba zamani mume wake alioa mke wa pili, msichana mbichi, na yeye kwa hasira akaondoka nyumbani, akaenda kukaa peke yake mashariki, mpaka akageuka mawe na msitu. Tangu siku hiyo hakupenda kuona bi arusi akipita mgongoni pake.

Mimi nilimwelewa sana huyo Bibi Mukubwa. Mwaka ule dada yangu Zaina alikuwa anaolewa, na wivu ulikuwa umenikaa tumboni kama ugali usioiva.

Zaina ndiye aliyenilea. Mama alishinda kwenye shamba la pamba, kwa sababu pamba ya Wazungu haikungoja mtoto anyamaze, na Zaina alinibeba mgongoni tangu sijaota meno. Tulilala mkeka mmoja. Halafu akaja mwanamume mmoja, mfanyakazi wa machimbo ya dhahabu ng'ambo ya mlima, na ghafla nyumba nzima ikawa ya Zaina. Vikwembe vipya vya Zaina. Shanga nyekundu za Zaina. Sanduku la chuma la Zaina. Hata kuku niliyemlisha kwa mkono wangu alichinjwa kwa ajili ya wageni wa Zaina. Jioni wanawake walikuja kumwimbia, na mimi nilikaa jikoni nikiukodolea macho moto. Sikujua bado nilichokuwa nakionea wivu. Nilidhani ni zile shanga.

Kwa desturi yetu, bi arusi alikwenda na shangazi yake pamoja na mdogo wake wa kike, ili asiwe mgeni peke yake siku za mwanzo. Basi tukaondoka alfajiri: shangazi Mwavita, Zaina, mimi, na Ramazani, mdogo wake bwana arusi, aliyebeba sanduku kichwani. Nyanya, mama mzaa baba, alitusindikiza mpaka kijito cha chini ya mlima. Hapo akatusimamisha.

"Zaina, vua hizo nguo."

Akamvika dada yangu kikwembe chakavu cha shambani, akampaka majivu usoni, akamtwika kikapu cha mihogo. Kisha akanigeukia mimi. Akanifunga kikwembe kipya cha maua alichokivua Zaina, kikanifika miguuni na kuburuza, na akanivalisha zile shanga shingoni.

"Bibi Mukubwa iko na wivu," akasema. "Akiona muke mupya, anamukamata. Sasa ataona weye."

"Na miye atanifanya nini?"

"Weye iko mutoto. Atakuangalia, atacheka, atakuacha upite."

Sikujali kama atacheka. Nilizishika zile shanga kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu posa iletwe, nilipumua vizuri. Nilimtazama Zaina na majivu yake, nikaona sasa tumekuwa sawa.

Nyanya alitupa masharti mengine. Kule juu hakuna kutaja arusi. Hakuna kumwita mtu kwa jina, kwa sababu mlima ukilijua jina haulisahau. La mwisho alimwambia Zaina huku amemshika kidevu:

"Usigeuke nyuma mpaka ushuke ng'ambo. Muke anayerudisha mguu kule juu, atarudia kwao. Ndoa haitakaa."

Tukapanda. Nimetembea sehemu nyingi baadaye, lakini sijaona tena njia kama ile. Chini kulikuwa na migomba ya porini na mimung'unye iliyotambaa juu ya mawe. Kisha miti ikawa mikubwa, mizizi yake imesimama kama kuta, na mbega weusi wenye mikia myeupe waliruka juu yetu bila kelele, kama wanawake wanaohama kwa aibu. Ndege mmoja akafungua mabawa, na ndani yake kulikuwa kwekundu kabisa. Juu zaidi tukaingia katika mianzi. Kuvumwani ya kijani ilining'inia kama ndevu kwenye matawi, na ardhi ilikuwa laini na baridi, imejaa alama za kwato za nyati. Shangazi alizigusa kwa kidole, akaona maji yameshajaa ndani, akasema ni za jana, twendeni.

Tulipofika mgongoni mwa mlima, mianzi iliachana, na nchi yote ikaonekana nyuma na mbele yetu. Ramazani akatua sanduku. Alikuwa kijana mwenye furaha, na alitaka kumfurahisha shemeji yake.

"Bi arusi wetu," akasema kwa sauti kubwa, "angalia kule chini. Kule moshi unatoka, ndiko kwako."

Shangazi alimziba mdomo kwa kiganja. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Hatukwenda mbali kabla ukungu haujatushukia, mweupe, mzito, kama mtu ametumwagia uji wa muhogo. Leo najua kwamba msimu wa mvua ukungu hushuka pale karibu kila alasiri. Siku ile nilijua jambo moja tu: Bibi Mukubwa amesikia.

Tulishikana nguo, tukaendelea. Mimi nilikuwa wa mwisho. Tawi la mwanzi likanasa shanga zangu, uzi ukakatika, na shanga zikamwagika kwenye majani. Nikaachia nguo ya Zaina, nikainama kuziokota. Nilipoinua kichwa, hapakuwa na mtu.

Sikuita. Nilikuwa nimekatazwa kutaja majina. Nilisimama na shanga mkononi nikisikiliza. Mbali kidogo kitu kilipiga mti, du, du, du, kama mtu mkubwa anayebisha mlango. Walikuwa sokwe, wanaopiga mizizi ya miti kuitana. Mimi nilielewa kwamba ni mwenye nyumba, na kwamba anamtafuta mke mpya, na mke mpya ndiye mimi. Pale ndipo nilipotamani kile kikwembe chakavu cha shambani. Karibu yangu kitu kizito kikapumua, mianzi ikavunjika, harufu ya ng'ombe ikanijia. Nikakaa chini na kufunga macho.

Ndipo nikasikia jina langu.

"Mwamini! Mwamini!"

Ilikuwa sauti ya Zaina. Nyuma yake nikamsikia shangazi akilia, "Usigeuke, mutoto wangu! Acha Ramazani aende! Usirudie nyuma!" Lakini sauti ya dada yangu ilizidi kukaribia. Yule mnyama akashtuka, akaporomoka bondeni kwa kishindo. Zaina akatokea katika ukungu, majivu yamechuruzika mashavuni, kikapu ametupa.

Nikamwambia huku nalia, "Nyanya alisema usigeuke."

"Nyamaza. Panda mugongoni."

Nilikuwa mkubwa tayari, mzito. Alinibeba hivyohivyo mpaka tukatoka kwenye mianzi.

Nilikaa naye kule machimboni mpaka pamba ikavunwa. Mume wake hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alfajiri, kabla ya kwenda kazini, alinyunyiza majivu mbele ya mlango na kuyasawazisha kwa mkono. Jioni aliinama kutazama nyayo, kisha akaniuliza mimi kwa upole, nani alikuja leo? Alimwonea wivu muuza chumvi, jirani, hata Ramazani ndugu yake. Zaina akaacha kwenda kisimani na wenzake. Akaacha kuimba. Niliporudishwa nyumbani nilieleza, na baba akasema mume mwenye wivu ni mume mwenye mapenzi.

Baada ya misimu michache Zaina alirudi. Alipita mlimani mchana kweupe, peke yake, amevaa kikwembe chake kizuri kuliko vyote, na mbingu ilikuwa safi. Nyanya alipiga mikono: "Nilisema." Kijiji kizima kikanitazama mimi, mtoto aliyemfanya bi arusi ageuke nyuma. Wapo waliolisema hilo mpaka nimezeeka.

Siku ile Zaina aliwajibu mara moja tu, akiwa bado amesimama uani na vumbi miguuni. "Ile mulima haina kosa. Haikunifanya kitu. Nimemukimbia mutu."

Baadaye aliolewa mjini Kasongo na fundi viatu mcheshi, akazaa, akanenepa, na huko ndiko tulikomzika. Wajukuu huniuliza kama ni kweli mlima ule una wivu. Mimi huwaambia sijui ya mlima. Najua tu kwamba mwaka mzima nilikuwa nimemhesabia dada yangu kila alichopewa, nikiamini kwamba kwangu hakikubaki kitu, wakati yeye alikuwa tayari kuiacha ndoa yake ukunguni ili aje kuniita kwa jina. Tangu pale, nikiwaona watu wakimvika mwenzangu nguo mpya, moyo wangu bado hushtuka kidogo, kisha hutulia.