Mstari wa Ukingoni Ulionibakiza Butembo

Ujinga ni wangu, wacha niukubali mapema: niliapa mbele ya majirani wote kwamba Mwalimu akinishinda tena katika sataranji, nitamsindikiza kwa miguu kutoka Butembo, kupita Beni, mpaka Oicha. Mimi, ambaye kufika uwanja wa Rughenda kutazama ndege tu naiita safari! Tena wakati wa vita, bariyeri za askari kila kona, na habari za njia ile zingemfanya hata shujaa akumbuke ghafla kwamba ana homa.

Mwalimu alikuwa mtu wa Kasai, wa hesabu. Vita vilimkatia njia ya kurudi kwao, akapanga chumba nyuma ya nyumba yetu. Sasa alikuwa amepata shule Oicha na hakutaka kwenda peke yake. Tukapatana hivi: akishinda, namfuata, nikishinda, nabaki, na ubao wake unabaki nami. Sikuwa nimemshinda hata mara moja.

Tulicheza uani, baada ya misa ya Jumapili. Mnara wangu mmoja, kile kipande kinachokaa pembeni kabisa, ulikuwa umepotea zamani, tukaweka pile, yaani betri, ya radio iliyokufa mahali pake. Na siku hiyo mama jirani alikuwa amepanga pile zake kwenye meza yetu, kando ya ubao, zipigwe jua zipate nguvu ya habari za jioni. Kila nyumba ilifanya hivyo.

Mwalimu akaanza kama kawaida yake: pioni, yule askari mdogo, ya mbele ya malkia, hatua mbili. Kisha akamficha mfalme wake pembeni, upande uleule wa mnara wangu wa pile na pile za mama jirani. Nikarusha farasi wangu karibu na mlango wa mfalme huyo. Akasukuma pioni ya ukingoni kumfukuza.

"Rudia kwenu, mon cher," akacheka. "Si unapenda kwenu?"

Kurudi ndiyo tabia yangu, nakiri. Lakini nilifikiria miguu yangu, nikamwacha farasi palepale, nikasogeza pioni yangu ya ukingoni kumlinda.

"Farasi ya bure!" Mwalimu akamla.

Pioni yangu ikaila pioni iliyomla farasi. Basi mstari wa ukingoni ukabaki mtupu, hakuna pioni yake wala yangu, kuanzia pembe yangu mpaka ubavuni mwa mfalme wake. Akaondoa farasi wake aliyekuwa sasa anatishiwa na pioni yangu hiyo, huku anapiga mluzi. Nikashusha malkia wangu kwenye mstari ule.

"Nitamukula na mfalme akikaribia," akasema.

"Jaribu, Mwalimu. Nyuma yake kuko mnara."

"Mnara gani? Ile si pile ya mama?"

"Za mama ziko inje ya ubao. Hesabu, wewe ni mwalimu wa hesabu."

Akahesabu kwa kidole. Mluzi ukakatika. Akasukuma pioni nyingine ili mfalme apate pa kutokea. Nikaisogeza mbele hatua moja tu ile pioni yangu iliyomlipia farasi, nikauziba huo mlango. Akatazama, akatazama tena. Halafu akamlaza mfalme wake chali, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Nilizunguka uani nimeinua mikono kama mfungaji wa goli. Nilisalimia kuku. Niwe mkweli: pile zilinisaidia. Lakini mstari niliufungua mimi, na farasi niliyemtoa alikuwa wangu.

Mwalimu alinipa mkono, akanisukumia ubao.

"Félicitations. Nitatafuta mutu mwenye miguu."

Mama jirani alikuja kukusanya pile zake. Akanitazama mimi na ule ubao niliokuwa nimeukumbatia, akasema:

"Donc umeshinda, utabakia tu hapa kutusumbua. Miye nilikuwa naombea Mwalimu."