Kadi za Norbert Kubiak

Mtu mmoja hali chakula cha watu wanne, na hilo ndilo lililomkwamisha Norbert Kubiak.

Benki ilikuwa imempa kadi mpya ya mkopo pamoja na ahadi: atumie kiasi walichotaja ndani ya miezi mitatu, naye atapata pointi za kutosha tiketi ya ndege kwenda na kurudi. Mkewe Irena, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa fundi wa mambo hayo. Kwa pointi waliwahi kwenda Oregon mara mbili kumwona binti yao Renata. Sasa mjukuu wao Klara anapokea komunio ya kwanza mwezi wa tano, na Norbert alitaka tu siku hiyo aonekane kanisani, hata kiti cha nyuma kingetosha.

Lakini mjane wa kiume pale mjini Parma atanunua nini? Mkate, maziwa, soseji, petroli ya kwenda misa. Miezi mitatu ikawa inaisha, leo ndiyo siku ya mwisho, na kiasi bado hakijafika. Ndipo akakumbuka alivyokuwa akifanya Irena: ukipungukiwa, nunua kadi za zawadi zenye pesa ndani, kisha zitumie polepole mwaka mzima kununulia mkate uleule. Pesa haipotei, na pointi unazipata.

Akazipanga kadi nne mbele ya keshia, karibu na mkate wake.

Keshia, dada mmoja aitwaye Shawnelle, akaziangalia, kisha akamwangalia usoni.

"Baba yangu, samahani, usinikasirikie. Kuna mtu amekupigia simu akakwambia ununue hizi?"

"Mimi? Nani anipigie?"

"Wanajifanya polisi, wengine wanajifanya mjukuu yuko rumande, kisha wanataka uwasomee namba za kadi. Wiki jana bibi mmoja alilia hapahapa, pesa zimekwenda."

"Dada, tangu Pasaka simu yangu imelia mara moja, na ilikuwa duka la dawa. Hao matapeli wangenipigia ningewakaribisha kahawa."

Watu kwenye foleni wakacheka. Shawnelle hakucheka. Akamwita meneja, kijana mwenye tai, naye akasema kanuni ni kanuni: kwa mzee mwenye kadi nyingi hivyo, lazima mtu wa familia athibitishe.

Norbert akatoa namba ya Renata kwa shingo upande, maana alitaka safari iwe ya kushtukiza. Meneja akapiga. Simu haikupokelewa. Akaacha ujumbe: baba yako yuko hapa dukani, tuna wasiwasi naye.

Norbert akalipia mkate tu, akatoka. Alikuwa ameshaketi ndani ya gari, mikono kwenye usukani bila kuwasha, simu ilipolia.

"Baba! Wamekuibia kiasi gani?"

"Hakuna aliyeniibia. Hujambo, mwanangu?"

"Sasa kadi zote hizo za nini?"

Akamweleza: pointi, tiketi, Klara. Upande wa pili alisikia maji ya bomba yakifungwa.

"Si ungeniambia tu, Baba."

"Hukuniambia nije."

"Nilidhani tangu Mama afariki hupendi kusafiri. Na wakwe zangu, wazazi wa Craig, wanakuja, chumba cha wageni ni chao."

"Nitalala kwenye kochi. Hata kwenye zulia, mgongo wangu umeshazoea."

Norbert alikuwa akiangalia mkate kwenye kiti cha pembeni, kiti cha Irena.

"Mpelekee simu huyo meneja," Renata akasema.

Akarudi dukani, simu mkononi kama mtoto aliyetumwa na barua kwa mwalimu. Meneja akasikiliza, na sauti ya Renata ikatoka kubwa kiasi cha Shawnelle kuisikia: "Ni baba yangu, ana akili zake timamu, anatafuta pointi za tiketi ya ndege tu. Muuzieni."

"Haya, baba, safari njema," Shawnelle akasema akizipitisha kadi.

"Hajasema njoo," Norbert akamnong'oneza.

"Je, amesema usije?"

"Hajasema."

"Basi nenda, baba."

Nyumbani akala soseji baridi akiwa amesimama. Kisha akatoa suti ya misa kabatini, ile aliyoivaa mara ya mwisho kumzika Irena, akaitundika mlangoni ipate hewa. Kabla ya kukata simu, Renata alikuwa ameahidi kupiga tena Jumapili baada ya misa. Ilikuwa Jumanne. Norbert akaiweka simu kwenye chaji, akaisogeza karibu na kiti chake, akakaa.