Mkoba wa Pasipoti za Waigizaji

Nilianza kumshuku yule mzee kabla hajafungua kinywa. Alishuka kwenye basi nyuma ya ukumbi wa Al Sadd mjini Doha, kwenye mlango niliokuwa nikiulinda, akiwa amejifunga mkoba mweusi kifuani. Watu wake kumi walimfuata wakiburuta masanduku. Nilipoomba vitambulisho, hakuna hata mmoja aliyeingiza mkono mfukoni. Wote walimgeukia yeye. Akafungua zipu, akatoa pasipoti kumi na moja zilizofungwa pamoja kwa mpira wa nywele, akanipa zote kwa mkupuo. Nilipomaliza kuzikagua alizirudisha mkobani, na wale watu wazima, wengine wenye mvi, wakaingia ndani mikono mitupu.

Mimi nililetwa Doha kutoka Kenya na ajenti aliyeniahidi kazi ya mapokezi hotelini. Nilipofika nikakabidhiwa sare ya ulinzi. Siku hiyohiyo mtu wa kampuni alikusanya pasipoti zetu akazitia kwenye bahasha ya kaki, na soja aliyekuwa akilinda mlango, Mkenya mwenzangu, akaona yote, akainamia simu yake. Sijamsamehe. Kwa hiyo mtu akishika pasipoti ya mwenzake mbele yangu, simuulizi nia yake. Naijua.

Karatasi yao ilisema ni kikundi cha maigizo kutoka mji mdogo wa Poland, wamealikwa na Wapolandi wanaofanya kazi Doha, wataonyesha mchezo jioni moja tu kisha warudi kwao. Nani husafirisha watu kumi na moja na masanduku ya nguo kuukuu kwa ajili ya jioni moja? Niliisoma karatasi ile mara mbili na kila mara ikazidi kunuka.

Nilikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Likizo yangu ya kwanza baada ya miaka miwili ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo. Binti yangu, niliyemwacha akiwa na miaka mitatu, alikuwa ameanza kuniita "auntie wa simu", na kila aliponiita hivyo nilikata simu nikalia bafuni. Msimamizi wetu, Mganda mpole aliyeogopa ofisi kuliko sisi sote, alikuwa amenionya.

"Dada, wiki hii kaa kimya kabisa. Wakipata sababu, hiyo likizo wanaisukuma mpaka mwaka ujao."

Nilimwahidi kwamba nitakaa kimya.

Mchana wa siku ya onyesho, mwanamke aliyeshughulikia mavazi yao alikuja kupiga nguo pasi karibu na kiti changu, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na soketi. Alikuwa wa rika langu, na tulizungumza Kiingereza cha kuokotaokota. Mjini kwao, aliniambia, kulikuwa na kiwanda cha vioo. Kiwanda kilipofungwa, benki ikahama, sinema ikafungwa, likabaki jumba la maigizo. Watu hukutana hapo. Majira ya baridi wengine huja kupata joto tu, na hakuna anayewafukuza. Mtu akifa, familia yake huleta nguo zake zivaliwe jukwaani. Akainua koti la kijivu. Lilikuwa la fundi saa, akasema, na kila linapovaliwa mjane wake huja kukaa safu ya pili, hata kama mchezo ameshauona mara tano.

Mwingine angeguswa. Mimi niliwaza, kumbe hata nguo wanavalishwa za maiti.

"Na pasipoti yako? Mbona hukai nayo mwenyewe?" nikamuuliza.

Akacheka. "Kwake iko salama zaidi."

Jibu hilo lilinikata maini. Hivyo ndivyo sisi tulivyofundishwa kusema, mkaguzi akija.

Nusu saa kabla ya mchezo kuanza, nilichungulia nyuma ya jukwaa. Walikuwa wamesimama mstari mmoja, na yule mzee alikuwa akipita nyuma yao, akimpiga kila mmoja goti kwenye makalio. Hakuna aliyelalamika, hakuna aliyesema hata neno. Yule mwanamke wa mavazi alipofikiwa, aliuma midomo akatazama mbele. Damu ilinichemka. Nilirudi mlangoni nikafungua OB, kitabu chetu cha matukio, nikaandika kwamba mzee anashikilia pasipoti za watu kumi, anawapiga, nao wanamwogopa. Nikatia saini.

Msimamizi alisoma, akaweka kidole kwenye saini yangu. "Dada, umeandika nini hapa? Hii kitu itakumaliza."

"Nimeona na macho yangu."

"Na mtoto je?"

Niliiona Ijumaa yangu ikienda. "Mpigie simu meneja wa ukumbi," nikamwambia, "ama nitapiga mimi."

Meneja wa ukumbi alifika haraka, na onyesho likasimamishwa. Kule mbele Wapolandi walikuwa wameshajaa vitini, wauguzi, wahandisi na watoto wao waliovalishwa vizuri. Waigizaji wakaitwa kwenye korido wakiwa na poda usoni. Mzee alitafsiriwa nilichoandika, uso ukamwiva mpaka masikioni. Yule mwanamke wa mavazi akatuomba atueleze.

Lile goti, alisema, ni la kutakiana heri. Kwao huwezi kupanda jukwaa geni bila kupigwa, na ukipigwa ni mwiko kushukuru, kwa sababu ukishukuru, bahati inaondoka. Ndiyo maana walinyamaza. Yeye aliuma midomo asije akacheka. Na pasipoti? Zamani mmoja wao alisahau yake kwenye choo cha treni, kikundi kizima kikakwama mpakani siku mbili. Tangu hapo walikubaliana wenyewe kwamba mzee azibebe.

Mzee hakujitetea. Alifungua mkoba, akamnyooshea kila mtu pasipoti yake. Wakazishika kidogo, kwa heshima ya meneja nadhani, kisha mmoja baada ya mwingine wakamrudishia. Mwenye mvi nyingi kuliko wote hakutoa hata mikono mifukoni, alitikisa kichwa tu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kisha mzee akaniuliza jambo, bila hasira, na mwanamke akatafsiri. "Anauliza, wewe yako unakaa nayo mwenyewe?"

Meneja alinigeukia. Msimamizi wangu akatazama viatu vyake. Meneja ndiye aliyekuwa mteja wa kampuni yetu. Nikisema kweli mbele yake, kampuni ingeaibika, na nisingeona ndege.

"Ndiyo," nikasema. "Iko chumbani kwangu, mtaa wa Najma, ndani ya sanduku, na ufunguo ninao mimi."

Habari ya ufunguo hakuna aliyeniuliza.

Mzee alisema maneno mawili matatu, na yule mwanamke akasita kabla ya kuyaleta kwa Kiingereza.

"Anasema hujui kuigiza."

Mchezo ulianza kwa kuchelewa sana, na wauguzi waliokuwa na zamu walishaondoka na watoto wao wakilia. Meneja aliamua kwamba yalikuwa makosa ya kutoelewana, hakuipigia simu kampuni yangu, na msimamizi akauchana ule ukurasa. Ijumaa, mtu wa ofisi alinikabidhi pasipoti yangu kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Nyumbani, binti yangu alijificha nyuma ya bibi yake siku mbili nzima. Siku ya tatu alikuja mwenyewe, akakaa mapajani mwangu, akaniita mama.

Wale watu walifungua mkoba wao mbele ya kila mtu kwa sababu ya neno langu. Mimi niliulizwa swali moja tu nikadanganya, na ningeulizwa tena leo ningedanganya vilevile.