Bilauri Moja, Jozi Mbili

Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mwanamke wa miaka thelathini na minne aliandikishwa katika kliniki ya macho: jicho la kushoto, maumivu ya siku kumi na mbili. Kwenye nafasi ya kazi, karani aliandika "mpambaji".

Mtaani wanamwita Paka, kwa macho yake ya kijani. Kila mtu anajua ni lenzi, naye hafichi. "Biashara naivaa usoni," huwaambia wateja. Saluni yake ni chumba cha viti viwili, na sinki linalopata maji kutoka tangi la juu ya paa. Kando ya sinki kuna bilauri. Dawa ya kuhifadhia lenzi ilipoadimika, alianza kuzilaza humo, kwenye maji ya bomba na chumvi kidogo. Chumvi inaua kila kitu, alijiambia. Za kijani zilikuwa zake. Za rangi ya asali, za mdogo wake.

Jicho lilipowasha, alisingizia wanja. Lilipoanza kukimbia mwanga, alifunga pazia akaendelea kupamba watu gizagiza.

Daktari, mama asiye na haraka, alilichungulia kwa muda mrefu mno.

"Lenzi unazioshea nini?"

"Maji na chumvi, daktari."

"Maji gani?"

"Ya bomba. Ni safi tu, tunayapigia mswaki."

"Tangi lilisafishwa lini?"

Paka alijaribu kukumbuka. Hakuwahi kumwona mtu akipanda kule juu.

Huenda ni kimelea, daktari alimweleza; anaishi majini, haonekani bila darubini, na chumvi ya kijiko haimbabaishi. Akishajibanza nyuma ya lenzi, hulila jicho taratibu. Matone ni kila saa, usiku na mchana, kisha miezi ya matibabu. Wengine huona tena vizuri. Wengine hawaoni.

"Kuna mwingine anayetumia bilauri hiyo?"

Paka alikuwa ameshafika koridoni na simu sikioni. Mdogo wake alikuwa anaolewa Jumamosi.

"Dada! Umepona? Maana bila wewe sipambwi na mtu."

"Umevaa lenzi?"

"Nazijaribu na gauni. Yaani we acha tu! Bwana harusi atasahau jina lake."

"Vua."

"Wivu huo, Paka."

"Vua sasa hivi, mdogo wangu. Macho yanakuuma?"

Kicheko kilikatika.

"La kulia. Tangu juzi, kama limeingia mchanga. Nilisema nisikwambie mpaka harusi ipite."

Saa sita mchana walikaa bega kwa bega kwenye benchi la kliniki, lenzi za asali zikiwa ndani ya kikopo mapajani mwa mdogo mtu. Kesho saa mbili asubuhi, jicho lake la kulia litatiwa ganzi na kukwanguliwa kwa ajili ya kipimo.