Kuanguka Katika Zizi Tupu

Harufu ninayoikumbuka zaidi ni ya samadi kavu. Mwaka ule ukame ulimaliza ng'ombe wote wa baba, na zizi letu kule Noonkopir likabaki tupu, vumbi lake laini likipeperuka hadi kwenye vikombe vya chai. Baba alikwenda Kajiado kutafuta kazi ya ulinzi. Mama akabaki nasi wawili: mimi, na kaka yangu Lemayian, aliyetuletea maji kwa baiskeli kutoka kisimani, mitungi ikining'inia pande zote mbili.

Siku moja, nikiwa nimeketi nyuma yake, lori la mawe lilitupita karibu mno. Baiskeli ikayumba. Mimi nilitupwa majanini. Yeye aliangukia barabarani, na gurudumu la nyuma la lori likapita juu ya mguu wake. Hospitalini waliukata juu ya goti. Baiskeli ilirudi nyumbani na mkunjo mdogo tu, nami sikuthubutu hata kuigusa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini kiu haikungoja hofu yangu iishe, na mgongo wa Mama ulikuwa umechoka kubeba mitungi.

Asubuhi moja Lemayian aliniita zizini, ameegemea magongo yake. Hakuwa ametoka nje tangu arudi.

"Nashipae, panda."

"Nitaanguka."

"Najua. Anguka kwanza, tumalize hiyo."

Nilianguka. Samadi iliniingia mdomoni, chungu, lakini sikuvunjika. Akaniambia nianguke tena, safari hii kwa kusudi, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Hakucheka wala hakunipa pole. Nilipolia, alingoja nimalize. Kufikia alasiri hofu ilikuwa bado iko, ila imechoka kama mimi, nikalizunguka zizi zima bila kugusa chini. Nilipogeuka nimwone akifurahi, alikuwa amenipa mgongo, mabega yakitetemeka.

Kesho yake nilileta maji.

Siku hizi pale zizini pana nyumba za kupangisha, na maji huja kwa bomba, yakija. Lemayian ana kibanda cha kutengeneza simu, na siku ile hatujawahi kuizungumzia. Barabara ina lami, malori yanapita kwa kasi zaidi kuliko zamani. Binti yangu ananiomba baiskeli, nami kila mara namwambia angoje mwezi ujao. Kuanguka mwenyewe nilifundishwa. Kumtazama mwingine akianguka, bado sijampata wa kunifundisha.