Leso Mgongoni mwa Kijana Wangu

Mimi ni mtu wa hasira, hata kanisani wanajua. Kwa hivyo kijana wangu aliporudi kukaa nyumbani na mkewe na katoto kao, niliapa kufunga mdomo. Mkewe ni muuguzi kule hospitali ya Longisa. Akitoka zamu ya usiku, asubuhi analala. Mtoto anabaki na babake. Anamwogesha, anambembeleza, halafu anaanika nepi kwenye kamba ya upande wa barabara, kila mpita njia aone! Sisi tulifunzwa kwamba mwanaume hakanyagi jikoni, sembuse kushika mtoto mchanga.

Asubuhi moja mimi na kijana tukapeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia. Yeye anasukuma wilbaro, mtoto mgongoni, amefungwa kwa leso ya maua ya mkewe. Nikatangulia mbele, watu wasijue tuko pamoja.

Haikusaidia. Wazee waliokuwa wakingoja mizani wakaangua kicheko. "Mzee, umeandika yaya mwenye ndevu?" mmoja akauliza. Nikacheka kuliko wote. Nikasema, "Huyo muulizeni mama yake. Mimi nilizaa wanaume, huyu sijui alitoka wapi."

Kumbe alikuwa amefika nyuma yangu. Alisikia yote. Akapimisha majani, akakaza leso, tukarudi. Njia nzima hakusema kitu, na mimi nilitamani hata anitukane. Wacha wee! Kuchekwa na wenzako si kitu. Kunyamaziwa na mwanao ndiyo aibu.

Baada ya chakula tukabaki sebuleni mimi na kijana, mtoto amemlalia kifuani. Akaniuliza polepole, bila hasira, "Baba, mimi uliwahi kunibeba?"

Nikatafuta kichwani. Nikakumbuka ndama niliyembeba kwenye mvua mpaka nyumbani, nikakumbuka hata uzito wake. Kijana wangu sikumwona popote mikononi mwangu. Kabla sijajibu, mama yake akapaza sauti kutoka jikoni, upesi upesi, "Sana! Baba yako alikuwa anakubeba sana."

Kijana akanitazama, akingoja niseme mwenyewe.

"Ee," nikasema. "Sana."

Uso wake ukafunguka, nami nikaona haya hata kuutazama. Akasimama, akaninyooshea mtoto. "Basi mshike kidogo, Baba, nikaoge."

Na mimi, mzee mzima mwenye wajukuu, sikujua mkono niuweke wapi.