Skrini ya Celestine Aloo

Ukimuuliza mtu wa Kondele kuhusu Celestine Aloo, atakuambia kwanza kwamba ni mkaidi. Ni kweli. Kwa miaka ishirini na miwili amepiga picha za ultrasound za matumbo ya akina mama katika kliniki iliyo juu ya duka la mbegu, na hajawahi kukubali mtu akwanguliwe kizazi kabla hajaangaliwa. Madaktari wageni hununa. Baada ya mwezi humsubiri kwa adabu.

Jumanne moja asubuhi alikutana na mkaidi mwenzake. Rosa, mzazi wa wiki sita, aliingia ameegemea ukuta, midomo imepauka. Damu haikuwa imekatika tangu ajifungue. Nyuma yake alikuja mama mkwe wake, Mama Adongo wa Kombewa, na chupa ya manyasi, ile dawa ya mizizi.

"Sista, pima haraka turudi nyumbani," alisema. "Hii ni chira, laana. Huyu na bwana yake walivunja mwiko. Na kusafishwa kizazi hapana. Atakosa mtoto mwingine."

Kisheria uamuzi ulikuwa wa Rosa, lakini Rosa alikuwa akimtazama mama mkwe wake huku machozi yakimtoka. Celestine aliogopa. Kwa damu ile, binti huyu asingefika mbali. Akafanya anachofanya siku zote: akaigeuza skrini kwa mwenye usemi.

"Mama, sogea. Unaona kitu kama haragwe? Ni kipande cha kondo la nyuma. Kilibaki ndani."

"Na mtakwangua?"

"Hapana. Daktari Huzaifa, hapo chumba cha pili, ataingiza kamera nyembamba kama mrija wa soda, kwa njia mtoto alipitia. Hakuna kisu. Anaona kipande, anatoa hicho peke yake."

Mama Adongo alikigusa kile kipande kwa kidole kwenye skrini. "Haya. Muende naye."

Kufikia saa saba Rosa alikuwa kitandani akinyonyesha, damu imepungua. Celestine alirudi na habari hizo, akamkuta Mama Adongo bado amekaa mbele ya skrini iliyozimwa.

"Sista, hata mimi nilitoka damu hivi, nikizaa Owiti, huyu bwana ya Rosa. Wakanikwangua, sikupata mwingine. Baba Owiti akaoa bibi wa pili, boma yote wakasema nimeleta chira. Miaka thelathini na moja. Yangu pia ilikuwa haragwe?"

Celestine akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Sikukuona siku hiyo, Mama, siwezi kuapa. Lakini dalili ni hizo hizo. Na kama ni kukosa mtoto, huenda ni ule mkwanguo. Chira haikuwa."

Mama Adongo alifuta macho kwa ncha ya leso.

"Basi nipatie hiyo picha ya Rosa kwa karatasi. Baba Owiti bado ako hai. Nataka aone."

Celestine akaenda kumwomba Rosa ruhusa. Rosa alikubali kabla hajamaliza kuulizwa.